Fundo la Kalisto

Vijana wa kikosi cha kukata miti, siku ile mliponiaga kwa soda na keki mliniomba niwaandikie machache juu ya kazi. Nadhani mlitegemea mawaidha. Mmoja wenu aliuliza na vyeo nilivyopitia. Hivyo viko kwenye faili, na faili liko kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla baadhi yenu hamjazaliwa, kwa hiyo viacheni vipumzike. Nitaandika juu ya kamba na mafundo, na juu ya watu wawili: mmoja aliyenifundisha kazi hii na mmoja niliyeifanya naye.

Kila asubuhi kabla hamjapanda mnaulizana, "Umefunga Kalisto?" Mnamaanisha lile fundo la mwisho wa kamba, linalomzuia mpandaji asipitilize akaishiwa na kamba hewani. Mnaliita hivyo kwa sababu mlifundishwa kwamba Kalisto alisahau kulifunga akafa. Aliyewafundisha ni mimi. Nitafika huko, lakini acheni nianze mwanzo, maana nikianza na hilo sitaweza kuandika mengine.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Mwimbi. Mkaratusi mkubwa ulikuwa umelalia upande wa nyumba ya mwalimu, na kila upepo ukivuma mke wake alitoa watoto nje. Nilifika asubuhi nimevaa viatu vipya na moyo wa kupanda. Fundi wetu alikuwa Mzee Nestory, mtu mfupi, mwenye magoti yaliyopinda kwa kukumbatia miti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kupanda?"

"Ndiyo mzee."

"Basi kaa chini."

Nikakaa chini siku nzima. Yeye alipanda kwa kamba ya katani aliyoizungusha kwenye shina na kiunoni, pekupeku, kofia ya sufu kichwani. Kila baada ya muda aliniita kutoka juu, "Gaudensi, nini kiko nyuma yangu?" na nilipokosa jibu alishuka hatua mbili, akanitazama, akapanda tena. Jioni, tukila kande nyumbani kwa yule mwalimu, aliniambia kitu ambacho nimekirudia kwenu mpaka mkachoka kukisikia: aliye chini naye anapanda, ila yeye anapanda kwa macho. Mtu wa juu haoni mgongo wake wala haoni mwisho wa kamba yake. Akiuliza, anauliza ili aishi, kwa hiyo usimjibu kitu ambacho hujakiona.

Nilikaa chini hivyo miezi mitatu. Nilimchukia kiasi.

Katani ikaja ikaondoka, zikaja kamba za nailoni. Mnaojua kamba moja tu msicheke kamba mbili. Enzi zile tulirusha kamba juu ya tawi ikarudi chini. Upande mmoja unajifunga wewe, na kwenye upande wa pili unazungusha kikamba kifupi mara tano, mizunguko imebanana, halafu unakifunga kwenye mkanda wako. Ukikaa kwa uzito wako kinabana. Ukikisukuma kwa kiganja kutoka juu kinatembea. Ndiyo fundo la msuguano, na sisi tuliliita kinyonga kwa vile linavyotembea kidogo na kushika sana. Kwa kamba mbili kinyonga anabeba nusu ya uzito wako tu, nusu nyingine iko upande wa pili. Ni kazi ya polepole, unavuta mikono miwili kupanda mmoja, lakini kinyonga haumii.

Wakati huo ndipo alipoajiriwa Kalisto. Alikuwa mtu wa Kasense kama mimi, nyumba zetu zilitenganishwa na shamba la ulezi. Alikuwa mrefu, mkimya, mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye kwaya, na akiwa mtini alikuwa anaimba bila kufungua mdomo, mm-mm-mm, tangu kupanda mpaka kushuka. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nilijua kazi inaendaje kwa kusikiliza tu. Wimbo ukienda taratibu, tawi ni baya. Ukienda mbio, anaona njaa.

Kalisto alikuwa na tabia moja ambayo wengine tuliiona ya kizee. Kamba mpya ikifika, kabla haijaguswa na mtu, alifunga fundo la nane, lile lenye umbo la tarakimu nane, kwenye mwisho wake, akalivuta kwa uzito wake wote, kisha akaufunga mkia kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Fundo hilo hakulifungua tena mpaka kamba ifutwe kazi. Sisi tulifunga asubuhi na kufungua jioni tukisafisha. Yeye alisema, "Fundo la mwisho halifunguliwi. Linalala na kamba." Alisema mtu anayefunga kila siku, siku moja atasahau, na yeye alijijua ni msahaulifu. Aliwahi kusahau harusi ya dada yake.

Halafu ikaja kamba moja. Alikuja mkufunzi kutoka Iringa, akakaa nasi wiki mbili. Alileta mikanda inayokaa mapajani, karabina, pete za chuma zinazojifunga zenyewe, kikamata kamba cha mguu na cha goti, uzi mwembamba wa kurushia wenye kifuko kizito, na kamba nyeupe yenye mistari ya bluu, mita arobaini na tano. Unaivuta juu kwa uzi, kitanzi kinajikaza kwenye tawi, na kamba iliyobaki inaning'inia mbele yako, nyingine ikiwa bado ndani ya mfuko wake chini. Unapanda kwa miguu kama mtu anayepanda ngazi. Mzee Nestory, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, aliletwa kuona. Alimtazama Kalisto akipanda mkaratusi mzima bila kutweta, akasema, "Ningezaliwa leo," akaenda kunywa pombe yake ya kimpumu.

Mkufunzi alitukanya jambo moja zaidi ya mengine yote. Kwenye kamba moja, kinyonga anabeba uzito wako wote. Ukishuka kwa kinyonga peke yake, ama anakaza na kugoma, ama ukimlazimisha anateleza, anapata moto, na kikamba kinayeyuka. Ndiyo maana juu yake kinakaa kile kifaa kidogo cha alumini kinachoipinda kamba na kupunguza mzigo. Ninyi mnacho kila mmoja. Sisi tulikuwa na vitatu, na kimoja kilipinda mwezi wa kwanza.

Mimi, mjuaji, nilisema kipo kinyonga, kifaa cha nini? Ilikuwa kwenye shule moja njia ya Mwimbi. Nilipanda vizuri. Kushuka, kinyonga akakaza. Nikamgonga, nikamsukuma, nikaning'inia pale juu kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba, na wanafunzi wote wakatoka madarasani kwa mapumziko. Mwalimu wao aliona hakuna haja ya kupiga kengele kuwarudisha. Kalisto alinifuata kwa kamba nyingine. Hakucheka. Alinifungia kitanzi cha kukanyaga, nikasimama ndani yake, uzito ukatoka kwenye fundo, kinyonga akalegea. Tulipofika chini alikivua kile kikamba, akanionyesha mahali palipoanza kung'aa kama ganda la mende, akakikata vipande viwili ili nisije nikakirudia.

"Kaka Gaudensi," alisema, "ukitaka kufa, uniage kwanza."

Maneno hayo nimeyabeba muda mrefu kuliko nilivyobeba kitu kingine chochote.

Sasa nafika.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza vifaa. Ufunguo wa stoo ulikaa shingoni mwangu. Msimamizi wetu, mtu wa haki lakini mkali, alikuwa ametoa amri kwamba kamba za kupandia hazitoki nje ya stoo kwa sababu yoyote ile, baada ya mtu mmoja kuazima moja akavutia lori lililokwama tope. Amri ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeitia sahihi.

Jumamosi moja mwezi wa masika alikuwa anazikwa bibi mmoja jirani yetu pale Kasense. Siku hiyohiyo palikuwa na maziko mengine upande wa pili wa mtaa, na kamba za kushushia jeneza zilikuwa zimekwenda huko. Mchana, maiti ikiwa imeshatoka kanisani, wanaume wawili walinijia mbio.

"Kaka Gaudensi, wewe una kamba."

Ninyi wa mjini labda mtashangaa. Kwetu mtu hanyimi kitu cha msiba. Ananyima cha harusi, ananyima cha kilimo, hata cha ugonjwa nimeona mtu akinyima. Cha msiba hapana. Nilichukua baiskeli, nikaenda stoo, nikatoka na kamba nyeupe yenye mistari ya bluu.

Makaburini ikahitajika kamba mbili, moja ya kichwani na moja ya miguuni, na mimi nilikuwa na moja ndefu. Ningeweza kuikunja katikati na kuipitisha mara mbili. Nimewaonyesha ninyi namna saba za kukunja kamba. Lakini wingu lilikuwa limefika juu ya vichwa vyetu, katekista anaangalia juu, wafiwa wanatuangalia sisi, na mtu mmoja akaniwekea panga mkononi.

"Kata tu kaka, tumalize."

Nikakata. Vipande viwili vya mita sita sita, na nilianzia mwisho uliokuwa karibu nami. Ulikuwa mwisho wenye fundo la Kalisto. Tukamshusha bibi yule vizuri kabisa, mvua ikaanza pale tulipomaliza kufukia. Vipande vile viwili wakabaki navyo wenye msiba. Kamba iliyobaki niliirudisha stoo, nikaunguza ncha kwa kiberiti isichanuke, ikapendeza kama imetoka kiwandani. Nikasema nitamwambia Kalisto Jumatatu, tutafunga fundo jipya, na msimamizi hatajua.

Jumatatu tukaenda Pito. Palikuwa na mkaratusi ukingoni mwa korongo, tawi lake moja kubwa limevunjika na kuning'inia upande wa bondeni, juu ya njia wanayopita akina mama wakienda kuteka maji. Msimamizi alikuja mwenyewe. Alikuwa na haraka. Kalisto akaufungua mfuko wa kamba, akatoa ncha ya juu, akaniuliza kama alivyoniuliza kila siku.

"Kamba iko sawa?"

Msimamizi alikuwa amesimama kati yetu, hatua moja. Niliona nikisema pale nitaumbuka mbele yake. Nilijiambia nitamnong'oneza Kalisto akivaa mkanda. Nikajibu, "Iko sawa."

Lakini msimamizi akanituma garini nilete msumeno, na niliporudi Kalisto alikuwa ameshapanda mita tano, anaimba.

Alipanda upande wa juu, ambako ardhi iko karibu. Kamba ilitosha, na bado ilibaki kidogo mfukoni. Akafika kwenye tawi lililoshika kamba, akaketi, akaona kwamba ili akate lile tawi la bondeni kipande kwa kipande lazima ashukie huko huko. Akaniita nimtupie mfuko upande wa pili. Nikautupa. Ukaanguka vichakani chini ya ukingo, kamba ikajinyoosha, majani yakatikisika. Kutoka pale niliposimama sikuona mwisho wake. Kuona kulihitaji kuzunguka na kushuka korongoni, na msimamizi alikuwa anaangalia saa.

"Gaudensi! Imefika?"

Nikajibu, "Imefika!"

Mzee Nestory alikuwa amenikalisha chini miezi mitatu kwa ajili ya siku ile moja.

Hesabu yake nimeifanya mara nyingi baadaye, nikiwa napalilia, nikiwa kanisani. Kutoka kwenye tawi hadi chini ya korongo zilikuwa kama mita thelathini na tisa. Kamba ya mita arobaini na tano ingefika chini na kulala mita sita juu ya mawe. Yangu ya thelathini na tatu iliishia hewani. Na hata hivyo fundo lingemwokoa. Kinyonga angegota kwenye fundo, Kalisto angening'inia pale, angenitukana kwa Kifipa kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mimi ningezunguka na ngazi. Yeye alijua fundo liko pale. Alikuwa amelifunga mwenyewe, na fundo lake lilikuwa halifunguliwi.

Alikata kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akishuka kidogo kidogo nyuma ya ukingo nisikoona. Nilikuwa namfuata kwa wimbo. Sikusikia mtu akipiga kelele. Nilisikia wimbo umekatika, kisha sauti ya kitu juu ya mawe.

Nilipomfikia alikuwa hai. Alinitazama. Mpaka leo sijui kama alielewa. Alifariki kwenye gari kabla hatujafika mjini, kichwa chake mapajani mwangu.

Msimamizi alirudi kule siku ileile, akaivuta ncha ya kamba, akaitazama. Ilikuwa nyororo, imeunguzwa vizuri, haina fundo.

"Hakufunga," alisema. Akanigeukia. "Si ndivyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kana kwamba kichwa si changu. Ikaandikwa kwamba mpandaji alisahau fundo la mwisho, na wenzetu, waliomjua kwa usahaulifu wake, wakaamini. Hakuna aliyeipima kamba urefu. Nani hupima kamba?

Tulimzika Kasense. Watu wakauliza kamba za kushushia. Yule jirani niliyemsaidia Jumamosi, mtu mwema, akajitokeza na vipande viwili vyeupe vyenye mistari ya bluu, vimefuliwa, vimekunjwa ndani ya kitenge. Alisema, "Hizi sasa ni za jumuiya." Mimi kama rafiki wa marehemu nilipewa kushika upande wa kichwani. Niliposhika nikakuta kiganjani mwangu fundo la nane, mkia wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Waliosimama karibu waliliona, wenzetu wa kikosi walikuwa nyuma ya umati. Hakuna aliyejua ni nini isipokuwa mimi. Viganja vilikuwa vinanitoka jasho, kamba ikaanza kuteleza, na lile fundo likagota mkononi likanizuia nisimwachie. Ndivyo nilivyomshusha Kalisto, kwa fundo lake mwenyewe ambalo nilikuwa nimekubali kwamba hakulifunga.

Mlitegemea niseme sikulala, sikula. Nililala na nilikula. Wiki iliyofuata nilipanda mti. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda mpaka kiinua mgongo.

Jina lile sikulianzisha mimi. Lilianzishwa na kijana mmoja aliyekuja baada ya ajali, alikuwa anamwuliza mwenzake kwa mzaha na woga, "Umefunga Kalisto?" Mimi nilikuwa karibu. Sikumkataza. Mwaka uliofuata tulipopaka stoo rangi na kuandika ukutani orodha ya ukaguzi, mwandiko mzuri ulikuwa wangu, nikapewa brashi. Namba nne niliandika: KALISTO. Mnaiona kila siku.

Mjane wake, Odilia, alipita ofisini siku moja kuleta barua ya mtaa. Kijana mmoja akapaza sauti kule uani, "Kalisto umefunga?" Odilia alisimama, barua mkononi.

"Shemeji, wanamwita nani?"

"Ni fundo tu, shemeji. Kumkumbuka."

"Kumkumbuka kwa lipi?"

Nilichukua barua, nikaingia nayo ndani. Tangu siku hiyo kanisani akawa anakaa upande mwingine. Nilikubali kirahisi mno. Niliona afadhali.

Mengine ya kazi nimewafundisha kwa mkono, lakini haya niyaandike ili yabaki. Kinyonga apimwe chini kabla ya kupimwa juu: ning'inia kimo cha goti, ruka kidogo, shuka, ndipo upande. Kikamba kipya kinateleza, kizee kinagoma, kilichong'aa kitupe. Kamba iliyolowa si ile uliyoijua jana. Upepo wa mwezi wa saba hapa Ufipa unakausha vidole mpaka huhisi unachoshika, kwa hiyo shuka upashe mikono, mti hautakwenda popote. Na kamba ipimwe urefu kila Jumatatu, kwa hatua, kutoka ncha hadi ncha, hata kama ni mpya. Hili la mwisho mliwahi kuniuliza limetoka kitabu gani.

Siku tatu baada ya ile keki yenu nilikwenda kwa Odilia. Alikuwa uani anapepeta ulezi. Tuliamkiana, tukapigiana makofi kwa adabu kama kawaida yetu, akanipa kigoda. Sikuzunguka, maana ningezunguka ningerudi nyumbani. Nikamweleza yote: Jumamosi, panga, kiberiti, "iko sawa", "imefika". Ungo wake haukusimama. Ulezi ulipanda ukashuka mpaka nikamaliza.

"Alifunga?" aliuliza.

"Alifunga."

"Na wewe ukakata."

"Nikakata, shemeji."

Ndipo ungo ukasimama.

"Mimi nilikuwa namgombeza," alisema. "Kila nikienda kupalilia kaburi, namgombeza. Namwambia, baba Regina, fundo moja tu, ulishindwa nini? Harusi ya dada yako ulisahau nikakusamehe, na hili ukalisahau? Hata kwenye sala nilimsema. Miaka yote hiyo, Gaudensi. Namgombeza mtu aliyefunga."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kufukuzwa. Hilo sikuwa nimelijua kabisa kwamba liko. Nilidhani nimemnyang'anya mume na jina la mume. Sikujua kwamba nilimnyang'anya hata namna ya kumlilia. Nililia mimi pale kwenye kigoda, mzee mzima, na yeye hakunizuia wala hakulia nami.

Baadaye aliingia ndani. Nilisikia sufuria zikigongana, maana vyombo vya misiba vya jumuiya vinatunzwa kwake. Akatoka na vipande viwili vya kamba, vimegeuka rangi ya udongo, mistari ya bluu haionekani vizuri. Akanionyesha mwisho mmoja.

"Hili?"

Ule mpira wa baiskeli ulikuwa umekauka na kupasuka, lakini fundo lilikuwa palepale.

"Hilo."

"Niliwahi kutaka kulifungua ili nifue vizuri. Likanishinda." Alilifunika kwa viganja viwili. "Nimelishika mara ngapi."

Nikamwomba anipe nililete stoo mlione. Akakataa.

"Hili linabaki hapa. Limemshusha yeye, litanishusha na mimi. Wewe nenda ukawaambie kwa mdomo wako uleule."

"Na jina, shemeji? Nilifute ukutani?"

"Usilifute. Waseme amefunga." Akachukua ungo wake. "Ila na lako liandike."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Nilipoaga alisema "haya" tu, ulezi ukaanza kupanda na kushuka.

Basi jana, mlipokuwa kazini, niliomba ufunguo nikaingia stoo na kopo la rangi. Mwandiko si ule wa zamani. Namba nne bado ni KALISTO. Chini yake nimeongeza ya tano, GAUDENSI, na nawaeleza matumizi yake. Mpandaji akishaulizwa ya nne, ageuke amwulize mtu wa chini, "Gaudensi?" Maana yake: kuna kitu umekata, umeazimisha au umekiona, ambacho hujasema? Akiwepo msimamizi, aulizwe mbele yake. Na mtu wa chini asijibu "imefika" mpaka ashuke korongoni, aishike ile ncha kwa mkono wake, na akute Kalisto yupo.